Hermann Brehmer: aliyekosea chanzo cha kifua kikuu na bado akaokoa watu

Mwanzoni mwa miaka ya 1850, mwanafunzi mmoja kutoka Silesia alitetea tasnifu yake ya udaktari mjini Berlin akiwa na dai lililokwenda kinyume na kila kilichoonekana wodini: kifua kikuu, kikiwahiwa katika hatua za mwanzo, hupona kila mara. Hakusema huenda kikapona, wala kwamba kuna wachache wenye bahati. Alisema kila mara, na alipomaliza masomo akaenda milimani kulithibitisha dai hilo.

Mwanafunzi huyo alikuwa Hermann Brehmer. Alizaliwa tarehe 14 Agosti 1826, siku moja baada ya kifo cha René Laennec, Mfaransa aliyebuni stethoskopu na kuwafundisha madaktari wa Ulaya kuusikiliza ugonjwa huu kifuani. Laennec mwenyewe aliuawa na kifua kikuu akiwa na umri wa miaka 45. Ikiwa mtu aliyeujua kuliko wote hakuweza kujiokoa, unaweza kuelewa kwa nini madaktari wengi walikuwa wamekata tamaa. Robert Koch aliposimama mbele ya wenzake mwaka 1882, alisema kwamba binadamu mmoja kati ya kila saba hufa kwa kifua kikuu.

Tiba zilizokuwepo mara nyingi zilimharakisha mgonjwa kaburini. Alitolewa damu. Alipunguziwa chakula kwa madai kwamba mwili wenye homa haupaswi kulishwa sana. Alifungiwa chumbani, madirisha yamezibwa, ili "baridi" isimfikie. Mwenye fedha alishauriwa kwenda kusini, Italia au kisiwa cha Madeira, na huko akajiongoza mwenyewe: akipata nguvu kidogo anacheza dansi usiku kucha, akianza kutema damu anaitiwa daktari wa jirani.

Kuna hadithi inayorudiwa sana kuhusu Brehmer, kwamba aliugua akiwa mwanafunzi wa mimea, akasafiri hadi Himalaya na kurudi amepona. Nimeikuta mara nyingi, na sishangai inapendwa, kwa sababu inampa daktari chanzo cha kishujaa. Lakini haiendani na maisha yake yanayojulikana. Miaka hiyo alikuwa Breslau akisoma hisabati na sayansi za asili, kisha Berlin akisoma udaktari chini ya Johann Lukas Schönlein, profesa aliyeupa ugonjwa huu jina la tuberkulosi. Imani yake haikutoka kwenye mapafu yake. Ilitoka kwenye vitabu, vyumba vya kupasulia maiti na taarifa za wasafiri, na ndiyo maana inafaa tuifuate hatua kwa hatua, kwani karibu kila hatua ilikuwa na kasoro.

Hatua ya kwanza ilikuwa moyo. Vienna kulikuwa na mtaalamu mkubwa wa kupasua maiti, Carl von Rokitansky, aliyeona kwamba watu waliokufa kwa kifua kikuu mara nyingi walikuwa na moyo mdogo. Brehmer akalichukua jambo hilo na kulifanya chanzo. Hoja yake ilikuwa hivi: moyo ukiwa mdogo kuliko mahitaji ya mapafu, damu haiyafikii ya kutosha, mapafu yasiyolishwa vizuri hudhoofika, na yakishadhoofika ugonjwa hupata makao. Leo tunajua aligeuza mambo. Mtu anayekondeshwa na ugonjwa kwa miezi na miaka hupungua misuli, na moyo nao ni msuli. Ule moyo mdogo mezani ulikuwa matokeo ya ugonjwa.

Hatua ya pili ilikuwa mlima. Kama tatizo ni moyo usio na nguvu, basi mgonjwa apelekwe mahali ambapo moyo utalazimika kufanya kazi zaidi bila kuumizwa. Palipoinuka hewa ni nyepesi, moyo huenda mbio kidogo, damu huzunguka kwa wingi. Hapo akaongeza taarifa za wasafiri kwamba kuna nchi za juu ambako kifua kikuu hakijulikani. Hili halikuwa wazo lake peke yake. Nchini Peru, wagonjwa wa Lima walikuwa wakipandishwa hadi bonde la Jauja katika milima ya Andes, na habari zao zilifika Ulaya. Brehmer aliamini kuna maeneo yenye kinga, yaani sehemu ambazo ugonjwa hauwezi kuota hata mtu akiwa na udhaifu wa kuzaliwa nao.

Basi akachagua eneo lake: kijiji cha Görbersdorf, katika milima ya Silesia, wakati huo sehemu ya ufalme wa Prusia. Kiko mita 560 hivi juu ya usawa wa bahari. Davos ya Uswisi, ambayo baadaye ingekuwa jina kubwa la tiba hii duniani, iko mita 1,560. Kwa hiyo huo "mlima" wa Brehmer, kwa vipimo vya nadharia yake mwenyewe, ulikuwa kilima tu. Hewa ya mita 560 haimfanyi mtu mzima ahisi tofauti yoyote ya maana moyoni.

Kwa nini pale? Jibu lina jina la mwanamke, na sipendi linavyoachwa nje mara nyingi. Marie von Colomb alikuwa amekwisha kufungua Görbersdorf kituo cha tiba ya maji baridi, kwa kufuata njia ya Vincenz Priessnitz, mkulima wa Gräfenberg ambaye hakuwahi kusomea udaktari lakini alivuta wagonjwa kutoka pande zote za Ulaya. Kituo cha Marie kilielemewa na madeni. Brehmer alimwoa dada yake, Amalie, na mwaka 1854 akakichukua kituo. Mahali pa kwanza pa tiba ya kifua kikuu milimani palipatikana kwa ndoa, deni na kazi ya mwanamke aliyetangulia. Hata yale maji baridi yaliyobaki katika ratiba ya wagonjwa kwa miongo yote iliyofuata yalitoka kwa Marie na Priessnitz.

Serikali ya Prusia haikumpa kibali haraka. Ilichukua miaka, na Alexander von Humboldt, mwanasayansi mashuhuri kuliko wote Ujerumani wakati huo, alikuwa miongoni mwa waliomwunga mkono. Katika miaka ya 1860 likaanza kuinuka jengo kubwa la matofali mekundu lenye minara na madirisha yaliyochongoka kama ya kanisa la kale, kazi ya msanifu Edwin Oppler.

Sasa tuingie ndani, kwa sababu humo ndimo Brehmer alimofanya kazi yake halisi. Alipenda kuandika juu ya moyo na shinikizo la hewa, ilhali alichokijenga kilikuwa mpangilio wa siku nzima. Mgonjwa wa Görbersdorf alikula sana: maziwa, nyama, siagi, mboga, na mvinyo kwa vipimo vya daktari. Kwa watu waliozoea kunyimwa chakula kwa sababu ya homa, hilo peke yake lilikuwa mapinduzi. Alikaa nje saa nyingi za mchana, kiangazi na kipupwe, na alilala penye hewa inayopita. Aliyeweza kuvumilia alimwagiwa maji baridi kwa muda mfupi, daktari akisimamia.

Kisha kulikuwa na matembezi. Brehmer alikata njia msituni zikiwa na miinuko ya viwango tofauti, na kando yake akaweka mabenchi kwa umbali mfupi mfupi. Kila mgonjwa aliambiwa aende njia ipi, hadi benchi lipi. Kanuni ilikuwa kwamba mgonjwa asikae kwa sababu amechoka, bali akae ili asichoke. Alianza kwa kupanda, wakati mwili una nguvu, ili kurudi kuwe kuteremka. Wiki baada ya wiki njia ilirefushwa. Homa ikipanda, njia ilifupishwa au mgonjwa alirudishwa kitandani. Mtu yeyote aliyewahi kumsimamia mgonjwa anayerudisha nguvu polepole ataona hekima iliyomo humo.

Juu ya yote kulikuwa na jicho la daktari. Görbersdorf haikuwa hoteli yenye daktari wa kuitwa. Ilikuwa taasisi iliyofungwa, ambamo mgonjwa alikaa miezi mingi na kufuata alichoambiwa, na daktari alimwona mara kwa mara, akampima na kubadilisha maagizo. Kwangu mimi huu ndio ugunduzi wa Brehmer. Mwingereza George Bodington alikuwa ameandika mwaka 1840 kwamba wagonjwa hawa wanahitaji hewa safi na chakula kizuri, wenzake wakamshambulia hadi akaacha na nyumba yake akaigeuza kuwa ya wagonjwa wa akili. Brehmer alidumu, kwa zaidi ya miaka 30, mahali pamoja. Ukaidi wake ulifanya kile ambacho hoja za Bodington hazikuweza.

Ukaidi huohuo ulimgharimu kwa mwanafunzi wake bora. Peter Dettweiler alikuja Görbersdorf akiwa mgonjwa, akapata nafuu, akawa msaidizi wa Brehmer. Mwaka 1876 akaenda kuongoza sanatoria yake, yaani hospitali ya kuwalaza wagonjwa wa kifua kikuu kwa muda mrefu, huko Falkenstein, katika milima ya Taunus, na huko akageuza kiini cha mafundisho ya mwalimu wake. Brehmer alisema moyo uimarishwe kwa kutembea. Dettweiler akawalaza wagonjwa kwenye viti virefu, wamefunikwa mablanketi, katika baraza zilizo wazi upande mmoja, saa baada ya saa, siku baada ya siku. Chakula kilikuwa kilekile kingi, hewa ileile, usimamizi uleule, lakini mazoezi yakawa machache na pumziko likawa tiba. Wagonjwa wa Falkenstein nao walipata nafuu.

Tukio hili ndilo linalofungua fundo. Kama nguvu ya Görbersdorf ingetoka kwenye moyo unaofanyishwa kazi, Falkenstein ingepaswa kushindwa vibaya. Haikushindwa. Kwa hiyo kilichosaidia kilikuwa katika yale ambayo taasisi zote mbili zilishiriki, na nadharia ya moyo mdogo ilikuwa sababu tu iliyomfanya Brehmer ayakusanye mambo hayo chini ya paa moja.

Halafu ikaja tarehe 24 Machi 1882. Koch, mbele ya chama cha wanafiziolojia cha Berlin, alionyesha kwamba kifua kikuu husababishwa na bakteria, na akaeleza jinsi alivyomtia rangi, akamwotesha nje ya mwili na kumrudisha kwa wanyama wakaugua. Jean-Antoine Villemin wa Ufaransa alikuwa ameshaonyesha miaka ya 1860 kwamba ugonjwa unaweza kupitishwa kutoka kwa mgonjwa hadi kwa mnyama, ila wengi hawakumsikiliza. Koch alisikilizwa.

Brehmer alikuwa na miaka 55, na jengo zima lilisimama juu ya maelezo mengine. Alijibu kwa vitabu viwili vikubwa, kimoja cha 1885 juu ya chanzo cha ugonjwa na kingine cha 1887 juu ya tiba yake. Humo hakukubali kwamba bakteria peke yake anatosha kueleza kila kitu. Aliuliza: ikiwa mdudu huyu yumo hewani na wengi wanamvuta, mbona wanaougua ni baadhi tu?

Ni rahisi kumtia Brehmer katika kundi la wazee waliokataa sayansi mpya. Mimi naona swali lake lilikuwa halali kabisa. Leo inakadiriwa kwamba karibu robo ya watu wote duniani wameshaambukizwa bakteria wa kifua kikuu, na kati yao asilimia 5 hadi 10 tu ndio watakaougua maishani. Kinachoamua nani augue ni lishe, virusi vya UKIMWI, kisukari, vumbi la migodini, pombe, tumbaku. Brehmer aliona sawasawa kwamba mwili wa mgonjwa una sehemu katika jambo hili, akakosea alipotafuta sehemu hiyo kwenye ukubwa wa moyo. Na kosa lilikuwa na madhara yake: ukiamini kwamba mahali fulani pana kinga, huna sababu kubwa ya kuogopa makohozi. Ni Dettweiler, aliyempokea Koch kwa moyo, ndiye aliyewapa wagonjwa kichupa cha bluu cha kutemea kinachobebwa mfukoni.

Brehmer alifariki Görbersdorf mwezi Desemba 1889. Kufikia hapo mfano wake ulikuwa umevuka bahari. Edward Trudeau, daktari wa New York aliyekuwa mwenyewe na kifua kikuu, alisoma habari za Brehmer na Dettweiler mwaka 1882, na mwaka 1885 akapokea wagonjwa wake wa kwanza katika kibanda kidogo cha mbao huko Saranac Lake. Nchini Ujerumani sheria ya 1889 ya bima ya ulemavu na uzee ilibadilisha hesabu. Mashirika ya bima yaliona ni nafuu kumtibu mfanyakazi miezi kadhaa kuliko kumlipa pensheni, yakaanza kujenga sanatoria za wafanyakazi, zikiwemo zile kubwa za Beelitz karibu na Berlin. Hadi hapo tiba hii ilikuwa kwa sehemu kubwa ya wenye fedha, na hilo lazima lisemwe pale tunapomsifu Brehmer.

Kijiji chenyewe leo kiko Polandi na kinaitwa Sokołowsko, kwa heshima ya Alfred Sokołowski, daktari Mpolandi aliyekuwa msaidizi wa Brehmer.

Je, sanatoria ziliponya? Tuwe waangalifu. Kabla ya 1882 hapakuwa na njia ya kumwona bakteria kwenye makohozi, kwa hiyo baadhi ya "waliopona" huenda walikuwa na ugonjwa mwingine wa kifua. Brehmer alisisitiza wagonjwa wa hatua za mwanzo, na hao ndio wenye nafasi kubwa ya kupona hata wasipofanyiwa lolote. Wengi walikuwa na fedha, na mwenye fedha alikuwa ameshakula vizuri tangu utoto. Tena kifua kikuu hakimwui kila mtu: kati ya wagonjwa wenye bakteria kwenye makohozi wasiopata dawa, takriban nusu hufa ndani ya miaka mitano, lakini karibu robo hupona wenyewe. Daktari yeyote wa zamani aliyekaa na wagonjwa wengi kwa muda mrefu alikuwa na robo hiyo ya kuihesabu kama ushindi wake.

Kipimo kizuri tulicho nacho kilikuja karibu miaka 60 baada ya kifo chake. Mwaka 1948 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilichapisha matokeo ya jaribio la streptomycin, dawa inayopambana na bakteria wa kifua kikuu. Kundi moja lilipata dawa pamoja na kupumzika kitandani, kundi jingine lilipumzika kitandani tu, yaani urithi wa Dettweiler, na nyuma yake Brehmer. Baada ya miezi sita, kati ya wagonjwa 55 waliopata dawa walikuwa wamekufa 4. Kati ya 52 wa kupumzika tu walikuwa wamekufa 14. Hao walikuwa wagonjwa wa hali mbaya, si wa hatua za mwanzo, lakini tofauti ilionekana wazi.

Pigo la mwisho kwa sanatoria lilitoka Madras, India, mwaka 1959. Watafiti waliwagawa wagonjwa kwa kura: wengine walazwe sanatoria, wengine wabaki nyumbani kwao katika mitaa maskini, wote wapewe dawa zilezile kwa mwaka mmoja. Waliobaki nyumbani walikula vibaya zaidi, walipumzika kidogo na waliishi kwenye msongamano. Walipona karibu sawa na wenzao. Na ndugu zao hawakuugua zaidi kuliko ndugu wa waliolazwa.

Historia hii inafika kwetu pia. Hospitali ya Kibong'oto, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ilianzishwa mwaka 1926, wakati wa utawala wa Waingereza, ikiwa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa kifua kikuu, kwa mantiki ileile ya hewa ya mlimani. Baadaye Afrika Mashariki ikageuka kutoka mpokeaji wa wazo la Ulaya kuwa mahali lilipobadilishwa. Majaribio yaliyofanywa na madaktari wa Kenya, Uganda na Tanzania pamoja na Waingereza, ambayo matokeo yake yalianza kuchapishwa mwaka 1972, ndiyo yaliyoonyesha kwamba tiba iliyokuwa ikichukua mwaka mmoja na nusu inaweza kumalizika kwa miezi sita ikiwa dawa ya rifampicin au pyrazinamide itaingizwa. Na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 daktari Karel Styblo alifanya kazi na mpango wa taifa wa kifua kikuu wa Tanzania kupanga jinsi mgonjwa atakavyosimamiwa anapomeza dawa, akafuatiliwa na kuandikwa hadi amalize. Mfano huo Shirika la Afya Duniani liliusambaza kote. Usimamizi wa karibu kwa miezi mingi, jambo lililokuwa uti wa mgongo wa Görbersdorf, ulibaki. Kilichoondoka ni kuta.

Chakula nacho kimerudi mezani kwa njia ambayo Madras haikuikanusha. Madras ilionyesha kwamba dawa humponya mgonjwa hata mlo ukiwa duni. Haikuuliza kwa nini aliugua, wala nini kitawapata walio naye nyumbani. Jimboni Jharkhand, India, watafiti wa jaribio la RATIONS, lililochapishwa mwaka 2023, walizipa familia za wagonjwa mgao wa chakula cha kila mwezi. Katika nyumba ambazo wanafamilia wote walilishwa, visa vipya vya kifua kikuu vilipungua kwa asilimia 39, na vya kifua kikuu cha mapafu kinachoambukiza kwa asilimia 48, vikilinganishwa na nyumba ambazo mgonjwa peke yake ndiye aliyepewa mgao.